Sura ya Sita: Kusudi la Jeshi Husomwa Wapi?

Vita vikipamba moto, ubishi huu hauchelewi. Soko limelipuliwa, hospitali imepigwa, kijiji kimeteketezwa, na kabla maiti hazijazikwa watu wamekwisha kugawanyika. Huyu anasema jeshi limeua raia kwa makusudi. Yule anajibu kwamba adui alijificha katikati ya watu, au kombora lilikosea njia, au hao waliokufa hawakuwa raia hata kidogo. Mara nyingi wote wawili hawajui hata jina la mtaa uliopigwa. Walichagua upande zamani, na habari ya leo wanaitafutia tu mahali pa kuiweka.

Ubishi wa namna hiyo hunichosha, lakini swali lenyewe halinichoshi. Kuna watu wanaosema kusudi limo moyoni, na moyo wa mtu ni msitu wa giza, kwa hiyo hatutajua kamwe. Sikubaliani nao. Jeshi haliendeshwi na moyo wa mtu mmoja. Linaendeshwa kwa amri, kwa redio, kwa risasi zilizogawiwa, kwa malori yaliyotiwa mafuta, kwa makamanda wanaopeleka ripoti kwa wakubwa wao. Jambo linalopitia mikono mingi kiasi hicho huacha alama, na alama husomeka. Mifano iliyo wazi kabisa tunayo karibu yetu, mashariki ya Kongo, ambako swali hili limechambuliwa na mahakama mbili za kimataifa, na ambako amri iliyobishaniwa mahakamani ilitolewa kwa Kiswahili.

Kwanza, sheria yenyewe. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, na hasa Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, inakataza raia kufanywa shabaha. Inakataza pia mashambulizi ya kiholela, yaani yale yasiyobagua kati ya mpiganaji na asiye mpiganaji. Na hata pale jeshi linapopiga shabaha halali, kwa mfano ghala la silaha, linatakiwa lichukue tahadhari na lipime kama madhara kwa raia hayatazidi faida ya kijeshi inayotarajiwa. Kuna jambo hapa linalowauma wengi, na mimi linaniuma, lakini lazima lisemwe: si kila raia anayeuawa vitani ameuawa kwa jinai. Mtu anayeonyesha picha ya mtoto aliyekufa ameonyesha msiba mkubwa. Bado hajaonyesha nani alikusudia nini. Na anayesema „hatukukusudia” hajajitoa kitanzini, kwa sababu kupiga bila kujali ni kosa linalosimama kwa miguu yake lenyewe.

Sasa twende Ituri.

Kati ya mwaka 1999 na 2003 jimbo hilo la kaskazini mashariki mwa Kongo liliwaka. Ugomvi wa ardhi kati ya Wahema, wengi wao wafugaji, na Walendu, wengi wao wakulima, ulimwagiwa silaha na majeshi ya nje na wanasiasa wenye njaa ya dhahabu. Agosti 2002 chama cha UPC cha Thomas Lubanga kiliutwaa mji wa Bunia. Tawi lake la kijeshi, FPLC, lilikuwa na makao makuu, brigedi, kambi za mafunzo na mtandao wa redio. Naibu mkuu wa majeshi hayo, aliyeshughulikia operesheni, aliitwa Bosco Ntaganda.

Novemba mwaka huo FPLC walishambulia Mongbwalu, mji wa machimbo ya dhahabu. Mji ulipoanguka kazi haikuisha. Askari waliingia nyumba hadi nyumba kuwasaka Walendu waliobaki, na wengi wa waliokamatwa waliuawa. Februari 2003 ikaja operesheni ya pili, safari hii katika vijiji vya Lipri, Bambu, Kobu na jirani zake. Walendu wengi walikimbilia porini. Kisha wakaitwa kwenye mkutano wa amani. Waliokwenda kuzungumza amani walikamatwa. Siku zilizofuata maiti zilikutwa katika shamba la migomba huko Kobu, nyuma ya jengo lililoitwa Paradiso: watu wasiopungua 49, wanaume, wanawake na watoto, waliouawa kwa marungu, fimbo, visu na mapanga.

Mtu asimame kidogo penye shamba lile la migomba kabla ya kuendelea na ubishi. Hoja zote ambazo wasemaji wa majeshi huzitoa mbele ya kamera zinafia hapo. Kombora linaweza kupotea njia. Rubani anaweza kupewa ramani ya zamani. Lakini rungu halipotei njia. Anayelishika yuko hatua moja kutoka kwa anayempiga, anamwona uso, anasikia anavyolia, anajua kwamba mikononi hana bunduki. Aina ya silaha na umbali wa muuaji ni ushahidi mzito zaidi wa kusudi kuliko tamko lolote la makao makuu.

Lakini Ntaganda hakuwepo Kobu siku ile. Hapo ndipo mwendesha mashtaka alipotakiwa kupanda ngazi kutoka kwa askari mwenye rungu hadi kwa mkubwa mwenye redio, na ndipo Kiswahili kilipoingia kizimbani. Askari wa zamani wa FPLC walieleza amri waliyokuwa wakipewa kabla ya kushambulia: „kupiga na kuchaji”. Upande wa utetezi ulibisha kuhusu maana yake. Majaji waliwasikiliza waliokuwa kwenye mstari wakiipokea, wakaridhika kwamba kwa askari wale ilimaanisha kuwashambulia Walendu wote, raia wakiwemo, na kubeba mali zao. Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kilichokosekana. Amri hiyo haitaji adui mwenye silaha. Haisemi nani aachwe. Askari aliyeambiwa apige na achaji, asiambiwe lolote kuhusu mama aliyejificha jikoni, ameambiwa la kufanya na mama huyo.

Ntaganda alijisalimisha mwenyewe katika ubalozi wa Marekani mjini Kigali, Machi 2013. Mbele ya majaji alijitetea kwamba yeye ni mwanamapinduzi, si mhalifu, na kwamba alipigania usalama wa watu wote. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipima maneno hayo na matendo: amri, usakaji wa nyumba kwa nyumba, mauaji yaliyofanana katika operesheni mbili zilizoachana kwa miezi, na makamanda walioendelea na vyeo vyao kana kwamba hakuna lililotokea. Julai 2019 ilimtia hatiani kwa makosa 18 ya uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu, kulenga raia kwa makusudi likiwa mojawapo. Alihukumiwa miaka 30, na rufaa yake ilitupwa Machi 2021.

Adhabu, au kukosekana kwake, ni jambo ambalo watu hulipita haraka mno. Katika kila jeshi kuna askari anayeweza kufanya unyama kwa hasira au kwa ulevi. Swali ni nini hutokea kesho yake asubuhi. Jeshi lisilotaka raia wauawe huchunguza, hukamata, hushusha vyeo, hubadilisha amri. Jeshi linalompandisha cheo aliyeua limejibu swali letu bila kuulizwa.

Sasa nigeuze upande, maana ingekuwa dhuluma kuwaacha wasomaji wakidhani Ituri ilikuwa na mkosaji mmoja. Februari 24, 2003, siku zilezile za Kobu, wapiganaji wa Kilendu na Kingiti walikizunguka kijiji cha Bogoro alfajiri. Bogoro kilikuwa cha Wahema, na UPC walikuwa na kambi katikati ya kijiji, katika majengo ya shule. Hapa tunakutana na hoja ngumu kuliko zote katika ubishi huu, ile ya „kulikuwa na askari pale”. Na kweli walikuwepo. Kambi ile ilikuwa shabaha halali kwa sheria ya vita, na sioni aibu kulisema hilo.

Tazama basi kilichotendeka. Washambuliaji waliingia kutoka pande zote, watu wakiwa bado usingizini. Waliuawa wengine ndani ya nyumba zao, kwa bunduki na kwa mapanga. Wengine walikimbilia shuleni wakidhani askari wangewalinda. Askari wa UPC walipozidiwa, walikimbia. Kama lengo lilikuwa kambi, kazi ilikuwa imekwisha hapo. Haikuisha. Mauaji na uporaji viliendelea kambi ikiwa imekwisha kutekwa. Mahakama iliona kwamba lengo halikuwa kambi peke yake. Wakazi Wahema wa Bogoro walikuwa shabaha. Germain Katanga, mmoja wa viongozi wa wapiganaji hao wa Kingiti, alitiwa hatiani Machi 2014 kwa mchango wake katika uhalifu huo, akahukumiwa miaka 12.

Kwa hiyo, unapoambiwa kulikuwa na askari pale, usikatae upesi kwa sababu tu huupendi upande unaosema hivyo. Uliza jeshi lilifanya nini askari wale walipokwisha kukimbia.

Mathieu Ngudjolo alishtakiwa kwa shambulio hilohilo la Bogoro na akaachiwa huru Desemba 2012, kwa kuwa majaji hawakuridhika kwamba ushahidi ulimthibitisha kuwa kamanda wa wapiganaji wale wakati huo. Wapo waliosema basi hata Bogoro ni uongo. Sivyo. Majaji walitamka wazi kuwa kumwachia mtu si kusema hapakutokea uhalifu. Shambulio linaweza kujulikana kuwa la makusudi huku mtu fulani akikosa kuthibitishwa kuwa ndiye mwenye kusudi hilo, na wabishi wa pande zote hupenda kuyachanganya mambo haya mawili.

Hata hivyo, vita vingi havina rungu wala panga. Vinapiganwa kwa mizinga kutoka mlimani, na aliyevuta kamba hakumwona aliyeuawa. Kwa hali hiyo kesi ya kusomwa ni ya Sarajevo. Kuanzia Septemba 1992 hadi Agosti 1994 jeshi la Waserbia wa Bosnia lililouzingira mji huo lilikuwa chini ya Jenerali Stanislav Galić. Wadunguzi waliwapiga abiria wa tramu. Makombora yaliangukia watu waliopanga foleni ya maji, na watoto waliokuwa wakicheza kwenye theluji. Utetezi ulisema mji ulikuwa uwanja wa vita, na haikuwa porojo tupu: mahakama iliyomsikiliza Galić yenyewe ilikubali kwamba jeshi la serikali ya Bosnia nalo wakati mwingine lilifyatua makombora kutoka eneo la hospitali ya Koševo. Ukichukua tukio moja moja, unaweza kubishana mpaka kuche. Majaji waliyachukua yote pamoja. Miezi ishirini na kitu, mitaa ileile, watu wenye ndoo, wenye kuni, wenye watoto mgongoni, na maofisa wa Umoja wa Mataifa waliopeleka malalamiko kwa upande wa jenerali. Bahati mbaya hairudi mahali pamoja miaka miwili, tena baada ya mwenyewe kuambiwa. Galić alipewa miaka 20 mwaka 2003, na mwaka 2006 rufaa ikaifanya kifungo cha maisha, kwa kosa la kueneza hofu kuu miongoni mwa raia, pamoja na mauaji.

Malalamiko yale ninayapa uzito mkubwa. Shambulio la kwanza linaweza kuwa kosa. Jeshi likishaarifiwa kwamba pale ni foleni ya maji, kwamba pale ni zahanati, na ramani ikakabidhiwa, shambulio la tano haliwezi kuitwa kwa jina lilelile.

Kuna na njia ya kuua raia bila hata kuwafyatulia risasi, na sisi wa Tanzania tunapaswa kuijua kuliko wengi. Katika vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, Wajerumani walipoona wapiganaji wanakwepa bunduki za rashasha na kurudi misituni, waligeukia chakula. Mashamba yalichomwa, maghala yakachomwa au kuporwa, na watu wakazuiwa kulima. Hakuna haja ya kukisia nia yao: mwaka 1905 ofisa mmoja alimwandikia gavana, Gustav Adolf von Götzen, kwamba silaha peke yake hazitatosha, na kwamba ni njaa ndiyo itakayoleta utiifu. Wajerumani wenyewe walihesabu vifo 75,000. Wanahistoria walioikusanya habari hiyo baadaye kusini mwa Tanzania wanakisia kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi yaliyoifuata. Mzee aliyekufa Ungoni kwa kukosa mtama mwaka 1907 hakupigwa risasi na mtu yeyote. Alilengwa. Leo kuwashindisha raia njaa ili kushinda vita kumekatazwa na Itifaki ya mwaka 1977, kwa hiyo popote jeshi linapofunga barabara ya malori ya unga, swali la kusudi liulizwe kwa ukali uleule unaotumika kwa mabomu.

Nimebakiza Kisangani kwa sababu ndiko ninakotofautiana na wengi wa wanaobisha, wa pande zote mbili. Juni 5, 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda, washirika wa jana, yalianza kupigana ndani ya mji huo wa Kongo. Yalipigana siku sita, kila moja likigombea mji usio wake, wakazi wakiwa wamejilaza sakafuni. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ilitaja makombora zaidi ya 6,600, raia zaidi ya 760 waliouawa na wapatao 1,700 waliojeruhiwa. Shule, makanisa na maelfu ya nyumba viliharibiwa.

Je, majeshi yale yaliwalenga watu wa Kisangani? Naamini hapana, kwa maana ya Kobu. Waganda walikuwa wanawalenga Wanyarwanda, na Wanyarwanda wanawalenga Waganda. Lakini makombora elfu sita ndani ya mji wenye watu hayawezi kufyatuliwa na mtu asiyejua yatakayemwangukia. Kila ofisa mwenye ramani alijua. Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba majeshi ya Uganda yalikiuka sheria nchini Kongo, pamoja na kushindwa kutofautisha shabaha za kijeshi na za kiraia. Rwanda haikuhukumiwa, kwa sababu tu haikuwa imeikubali mamlaka ya mahakama hiyo katika kesi iliyofunguliwa dhidi yake. Februari 2022 Uganda iliamriwa kuilipa Kongo dola milioni 325.

Mbishi atasema: basi umekiri, hawakukusudia. Nitamjibu kwamba aliyekufa chini ya ukuta wa nyumba yake Kisangani hakupata nafuu yoyote kwa kuwa hakutajwa kwenye amri. Kuamua kwamba ushindi wako una thamani kuliko maisha ya mji mzima ni uamuzi, ulifanywa na watu wenye majina na vyeo, kwa siku sita mfululizo, na ungeweza kubadilishwa siku yoyote kati ya hizo. Neno „bahati mbaya” halina nafasi hapo. Sikubali pia kinyume chake, kuiita kila Kisangani kuwa Kobu, maana ukifanya hivyo mwenye hatia ya kupiga kiholela atashinda kesi kwa kukanusha kosa ambalo hakulifanya.

Mashariki ya Kongo haijatulia. Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na ubishi uleule umerudi ukiwa na majina mapya. Majibu hayatatoka kwa wanaobishana mbali na mitutu. Kesi ya Ntaganda ilisimama kwa sababu kulikuwa na watu waliokumbuka siku na saa, kwa daftari la ujumbe wa redio lililohifadhiwa, kwa video iliyopigwa kambini, kwa makaburi yaliyofukuliwa na wataalamu miaka mingi baadaye. Kwa hiyo neno langu ni kwako uliye karibu na tukio. Ukiwa salama, andika: tarehe, saa, kombora lilitoka upande gani, askari walikuwa wapi na umbali gani, nani alionywa na lini, na askari walifanya nini baada ya adui kuondoka. Andika majina ya waliokufa, wa kabila lako na wa kabila lisilo lako. Usiongeze idadi ili kumtia adui aibu, wala usiipunguze kumficha ndugu yako. Weka nakala mahali pengine. Kati ya mauaji ya Kobu na hukumu ya Ntaganda ilipita miaka 16.